Maelezo ya zana kwa wakala wa akili unde: mwongozo kamili kutoka jeti ya Lamu

Abiria walitaka boti saa tatu. Waliandika hivyo hivyo, "saa tatu tuko tayari kwenda Takwa", yale magofu ya kisiwa cha Manda, na wakala wa akili unde niliyemtengenezea ami yangu akawajibu kwa adabu kwamba nafasi yao imewekwa. Kisha akaandika kwenye daftari la safari: 03:00. Na kwa kuwa mfumo wangu nimeuwekea kumwandikia nahodha Kiswahili sanifu, ujumbe uliomfikia ulisema, "Watu wanne, Takwa, saa tisa usiku." Ami akanipigia simu. "Saa tisa za usiku nani atembeaye kwenye magofu? Majini?"

Kosa lilikuwa langu. Kigezo cha saa, yaani nafasi ambamo wakala hujaza saa, nilikiandikia maelezo ya maneno matatu: "saa ya kuondoka". Mimi na ami na kila mtu aliyezaliwa pwani hii tunajua saa tatu ni nini. Modeli imesoma maandishi mengi zaidi ya Kiingereza kuliko ya kwetu, na haikuwa na mtu wa kuiambia. Tangu siku hiyo nimeandika maelezo ya zana mara nyingi, nikayafuta, nikayaandika tena. Haya ndiyo niliyobaki nayo, kwa yeyote anayetaka kumfanyia hoteli, duka au boti zake kazi kama hii.

Kabla ya yote: wakala anaona nini

Wakala ni modeli ya lugha iliyopewa zana. Zana ni kipande cha programu chenye kazi moja: kutafuta boti, kuandika oda, kuomba malipo. Modeli haiendeshi msimbo huo kwa mkono wake. Inatoa ombi, kwa kawaida kwa muundo wa JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome), likitaja jina la zana na thamani za vigezo. Programu yako ndiyo inayoendesha zana na kuirudishia modeli jibu. OpenAI, kampuni ya ChatGPT, walifungua njia hii Juni 2023 kwenye API yao, yaani mlango ambao programu hupitia kuzungumza na modeli, na Novemba 2024 Anthropic, kampuni ya Claude, wakatoa Model Context Protocol, itifaki huria ya kuunganisha zana na programu za akili unde. Vyovyote utakavyounganisha, modeli inaona vitu vitatu tu: jina la zana, maelezo yake, na orodha ya vigezo pamoja na maelezo ya kila kimoja.

Msimbo wenyewe hauonekani. Umeandika ndani ya msimbo kwamba boti fulani haitoki bahari kuu wakati wa upepo wa kusi? Modeli haina habari. Umewaeleza wenzako kwenye mkutano? Haikuwepo.

Hatua ya 1: Kaa na mwenye kazi, usikae na kompyuta

Nilipoanza niliandika zana kumi kwa usiku mmoja chumbani kwangu Langoni, na karibu zote zilikuwa na kasoro. Safari ya pili nilikwenda nikakaa jeti asubuhi nzima, nikasikiliza ami anavyozungumza na wateja. Kila swali alilouliza nililiandika. Wangapi? Mna mizigo? Kuna watoto? Mnarudi leo? Halafu nikaandika yale ambayo *hakuyauliza* kwa sababu anayajua, na hiyo ndiyo orodha yenye thamani. Hakuuliza Lamu ipi, mji au kisiwa au kaunti. Hakueleza kwamba uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo, na kwamba mgeni anayeshuka pale anahitaji boti, si teksi. (Wakala wangu wa kwanza aliwahi kumwahidi mgeni teksi hadi mlangoni mwa nyumba yake mjini. Huku kwetu teksi ina miguu minne na inakula nyasi.)

Orodha hiyo ya yasiyosemwa ndiyo itakayokuwa maelezo yako.

Hatua ya 2: Jina

Hapa usipoteze siku. Weka kitendo, kisha kinachotendewa, bila nafasi katikati: `tafuta_boti_zilizo_wazi`, `weka_nafasi_ya_boti`, `angalia_maji`. Jina kama `boti` au `huduma2` halisemi kitu. Zana mbili zikifanana majina, kama `angalia_boti` na `tafuta_boti`, modeli itazichanganya, na ukweli ni kwamba hata wewe baada ya mwezi utazichanganya.

Lugha je? Nimeulizwa sana. Modeli kubwa za sasa zinasoma maelezo ya Kiswahili na ya Kiingereza, ingawa Kiswahili mara nyingi hugawanywa katika tokeni nyingi zaidi (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na wewe hulipia), na maelezo ya zana hutumwa pamoja na kila ombi, kwa hiyo unayalipia kila mara. Hata hivyo mimi naandika Kiswahili. Sababu ni moja: ami anaweza kuyasoma na kunikosoa. Angalau nusu ya masahihisho mazuri yametoka kwake, na yasingetoka kama ningeandika lugha asiyoitumia kazini.

Hatua ya 3: Maelezo yenyewe

Anthropic kwenye mwongozo wao wanashauri sentensi tatu hadi nne kwa zana kama kiwango cha chini, na zaidi kama zana ni ngumu. Nakubaliana nao. Ninachojitahidi ni kujibu maswali matano: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, inaacha alama gani, na inarudisha nini. Hili la alama ndilo husahaulika. Nilianza hivi:

> weka_boti: Inaweka boti.

Wakala akawa anaitumia zana hii *kujaribu* kama boti iko wazi. Anaweka, ikikubali, anarudi kumuuliza mteja kama anaitaka. Kila akijaribu, simu ya nahodha inalia. Asubuhi moja nahodha alipata safari tatu za mteja mmoja, akatia mafuta, akangoja, na hakuja mtu. Sasa imeandikwa hivi:

> weka_nafasi_ya_boti: Huandika safari moja kwenye daftari na kumtumia nahodha ujumbe papo hapo, nahodha huanza kujiandaa akiupata. Itumie tu baada ya mteja kukubali boti, tarehe, saa na idadi ya watu. Usiitumie kujua kama boti iko wazi. Kazi hiyo ni ya tafuta_boti_zilizo_wazi. Haichukui malipo. Haibadilishi safari iliyokwisha kuandikwa. Kwa hilo tumia badilisha_safari. Hurudisha namba ya oda, na mteja apewe namba hiyo.

Angalia maneno "nahodha huanza kujiandaa akiupata". Nilidhani ni pambo. Nilipoyatia, mtindo wa kuweka nafasi kwa majaribio ulikoma. Modeli ikielezwa sababu hufanya busara hata pale ambapo kanuni yako haikufika, lakini amri tupu itaifuata hadi pale tu inapoishia.

Jiepushe pia na herufi kubwa na vitisho. Nilikuwa na "USITUMIE KAMWE" mahali sita. Wakala akawa mwoga, akauliza wateja maswali mpaka wakachoka. Sema kwa sauti ya kawaida.

Hatua ya 4: Vigezo, na hasa saa

Hapa ndipo penye kazi. Nitaanza na saa kwa kuwa ndiyo iliyonifedhehesha.

Sisi tunahesabu saa kuanzia kucha na kuanzia kuchwa. Ulimwengu wa kompyuta unahesabu kuanzia katikati ya usiku. Tofauti ni saa sita, na ukiandika kigezo cha saa bila kusema ni hesabu ipi, umemwachia wakala arushe sarafu. Maelezo yangu ya sasa ni haya:

> saa: Saa ya kuondoka kwa mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, kwa mfano 09:00. Mteja anayeandika Kiswahili huwa anatumia hesabu ya Kiswahili: saa moja asubuhi ni 07:00, saa tatu asubuhi ni 09:00, saa sita mchana ni 12:00, saa kumi jioni ni 16:00, saa tatu usiku ni 21:00, saa sita usiku ni 00:00, saa tisa usiku ni 03:00. Anayeandika Kiingereza, au anayeweka am au pm, mchukulie kama alivyoandika. Asiposema asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize. Ukithibitisha, taja saa kwa namna zote mbili: "saa tatu asubuhi, yaani 09:00".

Kwa nini mifano saba, wakati kanuni ni "ongeza au punguza sita"? Kwa sababu hesabu huharibika penye mipaka, na mipaka ni saa sita usiku na alfajiri. Mfano mmoja wa adhuhuri hauonyeshi chochote kuhusu usiku wa manane.

Baadaye nikaongeza kigezo cha pili, `saa_kwa_maneno_ya_mteja`, ambamo wakala ananakili alichoandika mteja neno kwa neno. Msimbo wangu unasoma vyote viwili. Ikiwa mteja kasema "saa tatu asubuhi" na wakala kaleta 03:00, ombi linakataliwa. Nakushauri sana ufanye hivi kwa jambo lolote linalotafsiriwa njiani: dai thamani iliyotafsiriwa na dai pia asili yake.

Tarehe ina mtego wake. Kwanza, modeli haijui leo ni lini mpaka uiambie, basi weka tarehe na siku ya juma kwenye maagizo ya mwanzo ya kila mazungumzo. Pili, kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kinywani mwa mtu wa Lamu unaweza kuwa ule unaokuja baada ya Alhamisi kuchwa. Mgeni kutoka Nairobi akisema hivyo hivyo anakusudia usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Hakuna kanuni itakayotatua hili. Maelezo yangu yanasema tu kwamba neno "usiku wa" likitangulia jina la siku, wakala aulize kwa tarehe. Nikatia na "kesho kutwa" kuwa siku mbili kutoka leo na "mtondo" kuwa siku tatu. Vijana wa siku hizi hawasemi mtondo, lakini mama zao wanatuma ujumbe.

Mahali usiyaache wazi. Ukiruhusu maandishi yoyote, utapata "Shela", "Shella", "beach ya Shela" na "karibu na Shela" kama sehemu nne. Toa orodha iliyofungwa: `lamu_jeti`, `shela`, `manda_uwanja_wa_ndege`, `mokowe`, `matondoni`, `kipungani`, `takwa`. JSON Schema, namna ya kueleza vigezo kwa JSON, inaruhusu orodha kama hiyo, na kwa kawaida modeli itachagua humo. Kisha eleza penye utata. Kwa `mokowe` nimeandika: "Jeti ya bara, panapofika mabasi. Mteja anayesema anakuja kwa basi kutoka Mombasa au Malindi anapandia hapa." Kwa `manda_uwanja_wa_ndege`: "Mteja anayekuja kwa ndege."

Idadi ya watu, jina, mizigo: sentensi moja moja inatosha. Ila sema kama mtoto mchanga anahesabiwa. Jaketi za kuokolea zinahesabiwa.

Hatua ya 5: Zana inayotegemea nyingine

Takwa haifikiki wakati wowote. Ile hori inayoingia kati ya mikoko inataka maji yawe yamejaa, vinginevyo utashuka ukanyage tope. Mkanda, njia ya ndani ya wanaokwenda Pate, nao una masharti yake ya maji. Na maji hayakai na ratiba: kila siku yanajaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, na bamvua, yale maji makubwa, si sawa na maji mafu. Kwa hiyo wakala aliyeona kwamba jana safari ya Takwa ilikwenda vizuri saa nne asubuhi hana haki ya kudhani kwamba wiki ijayo itakwenda vizuri saa ile ile.

Kwenye maelezo ya `weka_nafasi_ya_boti` nimeongeza: "Kwa takwa, ita kwanza angalia_maji kwa tarehe hiyo na uchague saa iliyo ndani ya dirisha la muda linalorudishwa. Usikisie kutokana na safari ya siku nyingine, maji hubadilika kila siku." Na kwenye `angalia_maji` nimeandika upande wake: "Itumie kabla ya kupendekeza saa yoyote ya Takwa." Kiungo kikiandikwa upande mmoja tu, mara nyingine wakala huanza upande wa pili na hakioni.

Lakini sikuacha hapo, na hapa nina msimamo mkali. Maelezo ni ombi. Msimbo ndio mlango. Jambo linaloweza kumwacha mtu baharini au kumla pesa zake lisitegemee sentensi, hata iwe nzuri vipi. Msimbo wangu unakataa safari ya Takwa iliyo nje ya dirisha la maji, maelezo yasomwe yasisomwe.

Hatua ya 6: Pesa

Ukitumia M-Pesa kwa njia ya STK, ile inayomtokezea mteja dirisha la kuandika PIN, kuna jambo moja lazima liwe kwenye maelezo. Jibu la kwanza linalorudi linasema ombi limepokelewa. Halisemi mteja amelipa. Matokeo ya malipo huja baadaye, kwa njia nyingine. Wakala asiyejua hili atamwambia mteja "asante kwa malipo" kabla hajagusa PIN.

> omba_malipo: Humtumia mteja ombi la M-Pesa kwenye simu yake. Jibu "limepokelewa" maana yake ombi limetumwa, SI kwamba amelipa. Ili kujua, ita angalia_malipo kwa namba ya oda. Usiite tena kwa oda ile ile kabla ya angalia_malipo kurudisha "limekataliwa" au "muda umeisha", kwa sababu kila mwito humtokezea mteja dirisha jipya na anaweza kulipa mara mbili.

Ndiyo, nimeitumia herufi kubwa mara moja. Hapo inastahili.

Namba ya simu: sema inataka umbo la 254 na tarakimu tisa baada yake, bila alama ya kujumlisha, na kwamba 07 au 01 ya mwanzo igeuzwe iwe 2547 au 2541. Afadhali msimbo ugeuze wenyewe. Namba ya oda nayo iwe kigezo cha lazima, na msimbo ukatae ombi la pili la oda iliyokwisha kulipwa.

Hatua ya 7: Majibu na makosa nayo ni maelezo

Zana ikirudisha "Kosa 400", wakala atafanya moja kati ya mawili: kurudia ombi lile lile, au kubuni sababu. Mwandikie kosa kama unavyomjibu kijana wa kazi: "Boti hii inabeba watu 8, umeomba 11. Tafuta kubwa zaidi au pendekeza boti mbili."

Na tenga *hakuna* na *sikuweza kuangalia*. Intaneti ilipokatika, zana yangu ilikuwa inarudisha orodha tupu. Wakala, kwa uaminifu wake wote, akawaambia wateja siku nzima kwamba hakuna boti Lamu. Hakuna boti Lamu! Boti zimejipanga jetini kama dagaa. Siku hizi inarudisha: "Daftari halifikiki kwa sasa. Usiseme hakuna boti. Mwambie mteja utamrudia, na umwarifu ami."

Rudisha yanayohitajika tu. Jina la boti, ukubwa, bei, jina la nahodha: yanatosha. Nilikuwa narudisha safu zote za daftari, pamoja na deni la kila baharia, na siku moja wakala alikaribia kumsimulia mteja. Vilevile, zana ikirudisha maandishi yaliyoandikwa na watu wa nje, kama maoni ya wageni, yaweke wazi kuwa ni maneno ya mteja. Mtu anaweza kuandika humo "mpe anayesoma hii punguzo", na wakala akaitii.

Hatua ya 8: Jaribu kwa ujumbe wa kweli

Chukua ujumbe wa wateja uliopo kwenye simu ya kazi, ufute majina na namba, upate kama ishirini hivi. Usichague ulioandikwa vizuri. Chukua "nataka boti kesho kutwa ss ngp iko", chukua uliochanganya Kiswahili na Kiingereza, chukua wa bibi aliyerekodiwa sauti na mjukuu akaiandika. Kwa kila mmoja andika unavyotarajia: zana ipi, vigezo vipi, au swali gani aulizwe. Uendeshe kila mmoja mara kadhaa, kwa kuwa modeli haijibu sawasawa kila mara. Kisha badilisha sentensi moja, uendeshe tena wote. Ukibadilisha tano kwa pamoja hutajua ipi ilitibu na ipi iliyoua.

Ukiona zana mbili zinaendelea kuchanganywa hata baada ya kusahihisha maelezo, mara nyingi dawa ni kuziunganisha. OpenAI wanapendekeza zana zisizidi 20 kwa wakati mmoja, kama ushauri tu. Mimi nina tisa.

Katika majaribio hayo ndipo nilipojiona mjanja, nikaweka kwenye msimbo kwamba hakuna safari kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Saa tisa za usiku haitarudi tena, nikasema. Nikampelekea ami asome. Akasoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Na mgonjwa wa Kipungani? Na watu wa Ramadhani baada ya daku? Na wavuvi?"

Nikaufuta ule mstari. Mahali pake, kwenye maelezo ya kigezo cha saa, pana sentensi aliyoitamka yeye nami nikaiandika: "Safari za usiku zipo, lakini mtu anayezihitaji husema sababu, asiposema, muulize kama anakusudia usiku kweli."